Baba Aliyesikia kwa Kifua

Baba yangu, Kelestini, alipoteza masikio mwaka ule ule niliozaliwa. Aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa wiki sita, akarudi nyumbani Mang'ula mzima wa miguu na mikono lakini hasikii hata radi. Sauti yake ilibaki. Shida ni kwamba hakuweza kuipima, kwa hiyo kanisani alipodhani ananong'ona, padre alimsikia altareni. Mama alimfundisha kusoma midomo, na kila alipokosea alimfinya sikio, akisema hayo masikio angalau yafanye kazi hiyo. Mimi Levina nimerithi vidole vya mama na ulimi wake, na mtaona vilinifikisha wapi.

Shambani baba haitwi kwa mdomo. Watu wa bonde letu msimu wa mpunga huhamia kwenye dungu, kibanda kilichojengwa juu ya nguzo, ili maji yapite chini na wewe uone mbali. Dungu letu lina nguzo sita. Ukimtaka baba, unachukua mchi, unagonga nguzo mara tatu, naye huko juu anaitika, "Naja!" Tulipokuwa watoto, mimi na wa jirani tuligonga bila sababu ili tumwone akishuka ngazi kwa haraka, kisha tukakimbilia kwenye mpunga. Mama akatufinya sote.

Sasa sikilizeni habari ya tembo. Shamba letu liko upande wa msitu, na tembo wa milimani wanapenda mpunga kuliko sisi tunavyoupenda. Jioni baba aliketi ameegemea nguzo ya kati. Mara nyingine aliweka kiganja kifuani, kisha akasema, "Wanaongea." Alichukua debe lake akaligonga kwa rungu, na jirani wote wakawasha moshi wa pilipili na kuanza kupiga kelele. Nusu saa ikipita, au saa nzima, tembo walijitokeza pembeni mwa msitu, wakakutana na moshi na makelele, wakageuka. Kuna siku hawakutokea kabisa. Hakuna aliyelalamika. Shangazi Domitila, jirani yetu ambaye namwita shangazi ingawa si wa damu, alisema tu kwamba leo wamebadili njia, akaendelea na ugali wake.

Sisi hatukuona ajabu. Mimi nilidhani kila baba ana kifua cha namna hiyo.

Mama alifariki kabla ya Krismasi. Mwezi wa kwanza, mpunga ulipokwisha kupandwa kwa msaada wa jirani, nilimwambia baba aje kwangu Ifakara. Alikataa. Nikamwambia, nikiwa nimemkazia macho ili asikose hata neno, "Huna masikio na sasa huna mke. Kule nani atakusikilizia?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namsikilizia mama yako," alijibu.

Nilimwona mkaidi. Nilikuwa naogopa, huo ndio ukweli. Nilimzika mama nikiwa nimefika siku ya pili baada ya kifo, na sikutaka kupigiwa simu ya namna ile tena. Mwisho alikubali kuja kwa masharti yake: mpunga ukitoa masuke anarudi kulinda. Nikasema sawa, huku moyoni nimeshaamua kwamba harudi.

Nyumba yangu iko Viwanjasitini, ukuta kwa ukuta na mashine ya kukoboa mpunga. Cherehani yangu iko barazani. Wiki za kwanza baba aliketi karibu yangu akinikunjia vitambaa, na wateja walimpenda kwa sababu aliwasalimia kwa sauti ya kuita ng'ombe. Mwezi wa pili mwenye mashine akafunga feni kubwa mpya yenye bomba la bati, pana kama pipa na refu kuvuka paa, ya kufyonza vumbi la pumba. Akina mama wanaopepeta chenga walikuwa wanakohoa, kwa hiyo tulishukuru. Feni yenyewe haikuwa na kelele ya kusumbua. Ukilinganisha na vinu vya mashine ilikuwa kimya.

Siku ya pili ya feni hiyo, saa nne asubuhi, baba alitoka ndani na sufuria yangu kubwa na mwiko, akaingia barabarani akiigonga.

"Tembo! Wako karibu sana! Washeni moto!"

Bodaboda zilisimama. Mama lishe wa ng'ambo ya barabara aliacha maandazi yaungue kwa kucheka. Kijana mmoja alitoa simu akarekodi, nami nikatoka na futi ya kupimia shingoni nikamwambia nitamnyonga nayo. Nilimshika baba mkono. Jasho la viganja vyake lilikuwa limelowesha mwiko. Aligeuka huku na huku akitazama bajaji na maduka.

"Wamepitia wapi, Levina? Mji wote huu, wamepitia wapi?"

Nilimrudisha ndani, nikamfungia.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Kisha akaacha kutoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa kitandani ameshika kifua, chakula hali, anasema kichwa kinambana. Alisema ni wengi mno na hawatembei. Wamesimama mahali pamoja, wanaongea bila kuvuta pumzi.

"Tembo gani hawapumui?" aliniuliza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka kwenye nyumba ya watu asiowajua.

Hospitali walimpima presha, sukari, kila kitu. Yuko sawa. Daktari aliuliza kama kuna msiba wa karibu, nikasema mkewe, akatikisa kichwa na kuandika. Jirani zangu walikuwa na yao: mzee ametupiwa kitu kutoka Mang'ula, aombewe. Mimi sikujua nishike lipi. Nilikuwa nashona magauni ya kipaimara, na kila asubuhi kwenye saa nne kifua changu mwenyewe kilikuwa kizito, moyo unanienda mbio bila sababu, nataka kulia juu ya kitambaa cheupe cha watu. Nilijiambia ni msiba wa mama. Siku moja nilivunja sindano tatu, nikageuka nyuma kwa hasira nione nani amesimama pale. Hapakuwa na mtu.

Aliyeanza kutupa mwanga ni Mwalimu Wiliam, mpangaji wa chumba changu cha uani, anayefundisha fizikia sekondari. Mtu mpole mwenye masharubu mazito yaliyofunika mdomo wote wa juu, kiasi kwamba baba hakuweza kusoma neno lake hata moja. Alichomwambia baba kilipitia kwangu.

"Dada Levina," alisema jioni moja, "umeona kwamba Jumapili mzee hana shida? Na juzi umeme ulipokatika alikula vizuri?"

Sikuwa nimeona. Nilikasirika kwamba sikuona.

Akanieleza polepole. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ukiwa wa haraka tunasikia wembamba, ukiwa wa taratibu tunasikia unene. Ukizidi kuwa wa taratibu, chini ya mara ishirini kwa sekunde, sikio la mtu linaishia hapo. Lakini hewa haijaacha kutikisika. Ikiwa na nguvu, wengine wanaihisi mwilini, kifuani hasa, na wapo wanaosema inawatia hofu isiyo na sababu. Feni kubwa na bomba refu vinaweza kutoa sauti ya namna hiyo.

"Ni hakika?" niliuliza.

"Wataalamu wenyewe hawajakubaliana inamfanya nini mtu. Lakini yawezekana. Na tembo," aliendelea, "wanaitana kwa sauti hiyo hiyo. Inakwenda kilomita nyingi. Huenda kule shamba mzee alikuwa anawasikia kweli. Sijasoma mahali kwamba mtu anaweza, lakini yeye hana sauti nyingine ya kumchanganya."

Nilimshukuru. Usiniulize kwa nini kichwa changu kilishika nusu ya kwanza tu.

Kesho yake tulikwenda kwa Evod, fundi wa mashine. Kijana msikivu. Baba aliweka kiganja kwenye bati la bomba na kingine kifuani, akafumba macho. Evod akazima feni. Baba akafumbua macho. Evod akawasha. Baba akarudi nyuma hatua moja. Wakafanya hivyo mara tano, na mara ya tano baba mwenyewe aliinua kidole kuonyesha imezimwa kabla Evod hajatoa mkono kwenye swichi.

"Mzee huyu ni kipimo," Evod alisema kwa mshangao.

Nilidhani baba atafurahi. Hakufurahi. Alilitazama bomba tangu chini hadi juu, akalizunguka, akaja kusimama mbele yangu.

"Hii ndiyo iliyokuwa inaongea?"

"Ndiyo, baba. Ni mashine. Hakuna tembo."

"Lakini ni ile ile. Ni ile ile ya shamba."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumpa nusu ya pili. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, ameshaanza kufungua mdomo nyuma ya masharubu yake. Nikamwahi. Nilitazamana na baba uso kwa uso, nikatamka vizuri, neno moja moja, kama mama alivyotufundisha.

"Basi hata kule shamba labda ilikuwa treni."

Reli inapita karibu na shamba letu. Treni za mizigo hazina saa maalumu. Lilikuwa neno lenye kuingia akilini, na nilijua hivyo nilipolisema.

"Dada Levina," Mwalimu alisema, "hilo hatujalipima."

"Najua," nikamjibu, nimegeuza uso ili baba asione midomo yangu.

Evod alikata bomba likawa fupi na kuweka mipira chini ya feni, kifua changu kikapata nafuu, na baba akaanza kula. Nilijiona mjuaji. Nilisema hata kwa wateja, kwamba mzee amepona, ilikuwa ni mashine tu. Mara moja moja nilimwona ameweka kiganja kwenye ukuta wa tofali, anakiondoa, anakiweka tena. Ukuta wa mjini haukumwambia kitu. Nikimtaka ilibidi nikamguse bega, naye kila mara alishtuka.

Mpunga ulipotoa masuke alifunga mfuko wake. Nilitegemea kwamba hatakwenda tena, maana sababu ya kwenda nilikuwa nimeiua. Nilikasirika, nikasema maneno mengi, mengine kwa haraka asiweze kuyasoma. Alinisubiri nimalize, akaniambia nimsalimie Mwalimu, akapanda gari.

Simu niliyokuwa naiogopa ilikuja katikati ya mwezi wa tano, ikaja tofauti. Baba mzima. Tembo wameingia shambani jioni, kundi kubwa, hakuna aliyewasha moshi. Wamekula na kukanyaga mashamba manne. Dungu la shangazi Domitila limesukumwa likaanguka naye akiwa juu.

Nilifika mchana wa siku iliyofuata. Mpunga uliokuwa karibu kuvunwa ulikuwa umelala kwenye matope. Shangazi alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mkono wa kulia una plasta mpaka begani, anawaelekeza watu waokote nini.

"Shikamoo, shangazi. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Ungeona nilivyoruka, ungesema nina miaka ishirini." Kisha akashusha sauti. "Kamwone kaka. Hajala tangu jana. Mwambie uzee ni wetu sote. Amesema alisinzia."

Wote walikuwa na neno hilo hilo. Mzee alisinzia. Walilisema kwa huruma, na mmoja akasema mzee sasa amekwisha, tutafute utaratibu mwingine wa kulinda. Nilitembea mpaka dungu letu, nikachukua mchi, nikagonga nguzo mara tatu. Hakuitika. Nikapanda.

Alikuwa ameegemea nguzo ya kati, debe limefunikwa pembeni.

"Baba, ulisinzia?"

"Hapana."

"Kumbe?"

"Nilisikia. Kwa muda mrefu. Nikashika debe. Nikakumbuka maneno yako, nikasema hiyo ni treni, nisiwahangaishe watu bure kama nilivyowahangaisha mjini." Alitazama mikono yake. "Nikangoja ipite. Ikawa haipiti. Nikasema basi ni treni ndefu."

Nilitaka ardhi inimeze, na pale juu hapakuwa na ardhi. "Kwa nini umewaambia ulisinzia?"

"Nikisinzia mimi, ni mzee. Wakijua ni neno lako, shamba hili utalijia kwa uso gani nikifa?"

Nililia. Sikuficha. Kisha nikajifuta kwa khanga, nikamshika kidevu ili anitazame, nikamwambia nusu ya pili yote. Kwamba Mwalimu alisema tembo nao wanaongea kwa sauti ile. Kwamba alisema huenda yeye aliwasikia kweli miaka yote.

"Lini alisema?"

"Kabla hatujaenda kwa Evod."

Alinitazama mdomo muda mrefu baada ya mimi kuacha kusema, akingoja neno lingine. Akageuka akatazama msitu. Jioni ile alikula amenipa mgongo.

Siku ya pili, saa kumi na moja, nilikuwa juu ya dungu nachambua mchele wa jioni. Baba aliweka kiganja kifuani. Nilimwona. Alikiondoa, akafuta kwenye suruali, akakiweka tena. Alitazama upande wa reli, akatazama msitu, na uso wake ulikuwa ule wa Viwanjasitini. Ghafla alinishika mkono akaubandika kwenye nguzo.

"Ni nini hii? Wao au treni? Wewe una masikio, niambie."

Nilifumba macho. Nilisikia ndege, nikasikia mtu akipasua kuni kwa mbali. Nguzoni sikuhisi chochote isipokuwa mapigo ya mkono wangu mwenyewe, na hata hayo sikuwa na hakika nayo.

"Sijui, baba," nilimwambia. "Sijui."

Alisubiri. Nikaona anaanza kujiambia tena yale niliyomfundisha. Nilivuta debe, nikachukua rungu, nikaligonga kwa nguvu zangu zote. Niligonga mpaka mabega yakauma. Moshi wa pilipili ukapanda kwa jirani mmoja, kisha mwingine, watu wakapiga kelele, watoto wakapiga sufuria, bonde lote likapiga chafya.

Robo saa baadaye treni ya mizigo ikapita, ndefu, taratibu, na ilipoisha msitu ulikuwa kimya na hakuna kilichotoka humo.

Wakaja chini ya dungu letu, macho mekundu kwa pilipili. Shangazi Domitila alikuwa mbele na plasta yake. Mmoja aliuliza kama mzee ameanza tena. Nilishuka ngazi mpaka nusu. Nikageuka, nikahakikisha baba ananiona mdomo.

"Aliyegonga ni mimi," nilisema. "Na siku ile mzee hakusinzia. Alisikia. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba ni treni. Nilijua huenda si kweli, nikamwambia, kwa sababu nilitaka akae kwangu."

Juu yangu baba aligeuza uso. Alikuwa amesoma kila neno.

Shangazi alinitazama, akautazama mkono wake wa plasta, akanitazama tena. Niliogopa kuliko nilivyoogopa tembo maisha yangu yote. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa kavu.

"Unagonga kama mtu anayefukuza kuku," alisema. "Mpe debe mwenyewe."

Wakaondoka mmoja mmoja. Nilipanda, nikaliweka debe mbele ya baba pamoja na rungu lake. Hakuligusa mara moja. Mwishowe alilivuta, akaliweka katikati ya miguu, akaegemea nguzo na kuweka kiganja kifuani. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia. Hakuligonga, na mimi sikuweza kujua kama ni kwa sababu hakusikia kitu, au alisikia akajiambia ni treni.